Kigoma: Kuni za Bure, Ukiujua Mti

Ukisikia Kigoma unawaza nini? Dagaa, mawese na mwisho wa reli, au siyo? Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914 ikakomea hapo, maana mbele ni Ziwa Tanganyika. Safari hii sikwenda kukaa hotelini natazama jua likizama upande wa Kongo. Nilifikia Ujiji, kwa mama mmoja anayepikia kuni, nikamwomba anionyeshe zinakotoka. Watu husema kuni za kuokota ni za bure. Nikwambie ukweli: bure hiyo ina bei yake, na anayeijua miti ndiye anayelipa kidogo.

UJIJI, MJI WA MIEMBE
Kwenye kumbukumbu ya Livingstone, alipokutwa na Stanley mwaka 1871, ipo miembe inayosemekana imetokana na ule waliokutania chini yake. Hiyo usiiguse! Ila mwembe wa nyumbani ukiangusha tawi, watoto wanalikimbilia. Lakini tawi bichi la mwembe litakutoa machozi kama umeachwa jana. Lichanje, lianike, lisahau kwa muda.

Michikichi nayo imejaa kila kona, ila gogo lake ni nyuzinyuzi tupu zilizoshika maji. Kinachofaa ni makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Yana mafuta bado, kwa hiyo yanashika moto fasta. Mjohoro, ule wenye maua ya njano na maganda bapa marefu, ndiyo kuni hasa. Tena ukikatwa unachipua upya.

Halafu kuna mnyaa, unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Vitawi vyake ni vya kijani, mviringo kama penseli, majani huyaoni. Ukiuvunja unatoa maziwa.

"Mwanangu, huo pita mbali," mama aliniambia.

Ana haki. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukuumiza vibaya, na kuukalia karibu ukiungua si jambo la kujaribu.

MLIMANI SASA
Alfajiri tukapanda kwenye miombo, kata kichwani, kamba kiunoni. Tawi kavu halina jani, sasa utalijuaje? Mama haangalii tawi peke yake. Anatazama miti iliyo juu yake, gome, na maganda yaliyoanguka chini.

Majani ya myombo ni vijani vilivyopangana viwili viwili kwenye kikonyo kimoja. Yanapochipua kabla ya mvua huwa mekundu, utadhani mlima umeshika moto. Maganda yake yakikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Mti wake ni mgumu, mzito, na makaa yake yanakaa. Kwa maharage hauna mpinzani.

Mninga utaujua kwa tunda lake: katikati lina miiba, pembeni limezungukwa na bawa jembamba kama chapati. Gome likikatwa linatoa utomvu mwekundu kama damu. Huo ni wa mbao za thamani, wa kukata kwa kibali.

Ukitaka kujua kama kuni imekauka, gonganisha vipande viwili. Vikavu vinalia "ko!", vibichi vina sauti ya kufa. Na chepesi kinachopondeka mkononi kimeshaoza, utabeba bure.

BEI YENYEWE
Tulirudi saa sita mchana, shingo inauma. Mama akaniambia kwamba alipoolewa, kuni alikuwa akiziokota nyuma ya nyumba.

Milima ya huku ilivuliwa nguo taratibu. Dk. Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025, aliiona miaka ya 1990 kutoka kwenye ndege: ndani ya hifadhi msitu, nje vipara. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE vijijini, watu wakapanda miti ya kuni na kuacha visiki hai vichipue. Ndani ya Gombe kwenyewe, hata kijiti usiokote.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Safi sana. Lakini leo jioni maharage ya Ujiji yanachemka juu ya mafiga, na tita limepita kichwani mwa mwanamke.

Kwa hiyo kaka yangu unayesoma hapa, mapenzi siyo vocha na maua tu. Kama kwenu wanapikia kuni, mwulize mwenzio zinatoka mti gani, na mbali kiasi gani. Kisha Jumamosi chukua baiskeli ukazilete wewe. Ukirudi, panda mijohoro mitatu nyuma ya nyumba. Binti yenu atakushukuru.