Kadi ndogo yenye picha za nyumba iliyoungua

Mama mmoja alikimbia kijiji chake katika jimbo la Ituri akiwa na watoto wanne, godoro moja na simu. Nyumba iliungua. Kilichobaki cha maisha ya zamani kilikuwa ndani ya kadi ya memori, ndogo kama ukucha: sura ya marehemu mume wake, mlango wa nyumba, na picha ya buletini ya mtoto mkubwa.

Asubuhi moja simu iliandika kwa Kifaransa kwamba kadi ina shida, ikauliza kama iiformati. Mtoto akabonyeza ndiyo. Picha zote zikapotea.

Mama alienda Bunia kwa kijana anayetengeneza simu sokoni. Kijana aliuliza jambo moja tu.

"Mama, tangu hapo umepiga picha nyingine?"

"Hapana, mwanangu. Nililia tu."

"Basi umeikinga."

Akamweleza kwa mfano wa daftari la madeni la duka. Kuformati, mara nyingi, ni kung'oa ukurasa wa kwanza wenye orodha. Kurasa za ndani bado zina maandishi, lakini simu inazihesabu kuwa tupu. Ukipiga picha mpya, inaweza kuandikwa juu ya ile ya zamani, na hapo fundi hana la kufanya. Kwa hiyo simu ikiuliza swali hilo, jibu hapana kwanza, toa kadi, mpelekee fundi.

Kompyuta ilisoma kadi hadi jioni. Picha za mume zilirudi. Buletini ilirudi nusu, chini ikiwa kijivu.

Mama akanunua fulashi ya gigabaiti 8. Gigabaiti moja ni kama megabaiti 1,000, na picha ya simu mara nyingi inakula megabaiti 2 hadi 4. Nafasi ilitosha kabisa. Kijana akamwonya: kuhamisha si kukopi. Anayehamisha picha bado ana moja. Anayekopi ana mbili.

Leo fulashi iko kwa dada yake, upande mwingine wa mji, na kadi iko ndani ya simu. Watu wakikimbia tena, si lazima vyote viwili vipotee siku moja.

Jumapili iliyofuata, wamama watatu wa mahema ya jirani walifika kwake na kadi zao mkononi. Kabla hawajaketi, aliwauliza: "Mnataka kuhamisha, ama kukopi?"