Baba aliyeambiwa angoje Jumatatu

Wiki ya mwisho ya Septemba 2011, watoto wa Ralph Steinman walikaa kando ya kitanda chake hospitalini wakimtania. Baba, jikaze, Jumatatu wanatangaza Tuzo ya Nobel. Naye akawajibu kuwa analijua hilo, na kwamba aliyekwisha kufa hapewi.

Mzee huyu wa miaka 68 alikuwa ametumia karibu miaka 40 kuchunguza aina moja ya seli. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, yeye na Zanvil Cohn walieleza seli waliyoiona kwenye bandama ya panya, yenye vijitawi kama mti. Wakaiita seli dendriti. Wanasayansi wengi hawakuwaamini kwa miaka mingi.

Kazi ya seli hizi huonekana vizuri mtu anapopata influenza, yale mafua yanayomlaza kitandani hata mtu mwenye nguvu zake. Kirusi kikiingia kifuani, seli dendriti zilizo kwenye njia ya hewa hukinasa, hukikatakata, kisha husafiri na vipande hadi kwenye tezi zilizo karibu na mapafu. Huko huvionyesha kwa seli T: adui ni huyu. Zile zinazomtambua huanza kuongezeka, kisha hurudi mapafuni kuua seli zilizoambukizwa. Yote hayo huchukua siku kadhaa, na mama anayeshangaa mbona siku ya tatu mwanawe bado anachemka, sehemu ya jibu lake ni hiyo. Katika miaka ya 1990, Nina Bhardwaj na wenzake walionyesha kwamba hata kirusi cha influenza kilichokwisha kuuawa, kikibebwa na seli dendriti, huamsha seli T zinazoua.

Mwaka 2007 aliambiwa ana saratani ya kongosho, ambayo wengi hawamalizi nayo mwaka. Akaugeuza mwili wake kuwa maabara: seli dendriti zake zilitolewa, zikaonyeshwa vipande vya uvimbe wake, zikarudishwa. Aliishi zaidi ya miaka minne. Lakini alipasuliwa pia na kupewa dawa za kawaida, na mgonjwa mmoja si ushahidi. Yeye mwenyewe, mwanasayansi, asingekubali uwe.

Alifariki Ijumaa, Septemba 30. Jumatatu alfajiri mkewe, Claudia, aliitazama simu ya marehemu, iliyokuwa imezimwa sauti, akakuta ujumbe kutoka Stockholm. Kamati haikujua kuwa amekufa. Bodi ya Wakfu wa Nobel ilikutana, ikaamua tuzo ibaki yake, na Desemba Claudia akaenda kuipokea.