Kutoka Chawia Hadi Chamazi

Uwanja wetu wa Chawia umeinamia bondeni. Mpira ukitoka upande wa chini hausimami, unaporomoka hadi kwenye migomba na mahindi ya watu. Kwa hiyo kila mazoezi nampanga msichana mmoja huko chini, kazi yake kuudaka tu. Miaka sita nilikuwa nimewafundisha mabinti hawa soka bila kuwahi kuona kwa macho yangu wanawake wakicheza mechi ya kimataifa.

Novemba 2019 redio ikatangaza kuwa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wameitoa Burundi, na fainali ya kombe la wanawake la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, ni dhidi ya wenyeji Tanzania jijini Dar es Salaam. Sikulala. Shule zilikuwa zimefungwa, na nauli nilikuwa nayo, ingawa kwa kujibana. Mama alinipakulia kimanga, chakula chetu cha Kitaita, kwenye bakuli la mfuniko, akaniuliza mara mbili kama kweli naenda nchi ya watu kwa ajili ya mpira.

"Ndiyo, mama."

Niliteremka Mwatate gizani, ukungu ukiwa bado umeshika mlima. Kutoka hapo lami inaelekea Taveta, unapita Bura na Maktau, kisha unakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi. Nimezaliwa kaunti hii ya Taita Taveta, na asubuhi hiyo ndipo nilipopita Maktau kwa mara ya kwanza. Baridi ya nyumbani iliisha, ukaja udongo mwekundu na miiba, halafu mbele kabisa Kilimanjaro na theluji yake. Abiria wenzangu hawakuinua hata kichwa. Mimi niliutazama mlima ule mpaka shingo ikauma.

Mpakani Holili afisa aliniuliza nakwenda kufanya nini.

"Kutazama mpira."

"Wa akina dada?"

"Wa akina dada."

Akagonga muhuri. "Karibu sana, dada yangu. Ila mtafungwa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tanzania walikuwa wamelichukua kombe mara mbili mfululizo, Jinja 2016 na Kigali 2018, na kule Jinja sisi ndio tuliofungwa kwenye fainali. Basi la kutoka Moshi lilikula mchana wote. Mkonge wa Korogwe ulinikumbusha ule wa Mwatate, nikajihisi sijafika mbali. Usiku nikapokelewa Mbagala na jamaa wa mwalimu mwenzangu.

Jumatatu, tarehe 25, nikaingia uwanja wa Azam kule Chamazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ardhi. Tambarare! Mpira ukipigwa pasi ulikwenda pale ulipotumwa, na ukitoka nje, kijana wa pembeni alirusha mwingine papo hapo. Nilimfikiria yule msichana wangu wa kusimama chini kwenye migomba, naye ana mguu wa kushoto ambao sijauona kwa mwingine. Beki mmoja wa Kenya alipiga goti karibu na jukwaa letu, akafunga kamba za kiatu polepole, fundo mara mbili, kama mtu mwenye kazi yake na anayejua inamngoja.

Kelele zote zilikuwa za Tanzania. Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye kanga, akanigawia karanga bila kuuliza nashangilia nani. Kipindi cha pili mshambuliaji wetu Jentrix Shikangwa akafunga, kisha akafunga tena. Niliruka peke yangu kwenye safu nzima. Mbili bila! Kenya bingwa, na katika mashindano yote hawakuruhusu bao hata moja. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akanipa mkono.

"Hongereni, jirani. Yule wenu wa mbele, mtuachie."

Na kweli, baadaye Shikangwa alikuja kuichezea Simba Queens ya Dar es Salaam.

Niliporudi Chawia wasichana hawakuuliza kwanza habari za mabao. Waliuliza uwanja ukoje. Nikawaambia ukweli: umelala sawa kama meza. Walinitazama kimya, kisha wakatazama mteremko wao.

Ndugu msomaji wa Taita Taveta, kama una sauti kwenye kaunti au una rafiki mwenye mashine, tunaomba greda Chawia kwa siku mbili tu. Kuokota mawe na kupanda nyasi tutafanya wenyewe.