Kigali: Asubuhi za Baridi na Mikono ya Mzamiaji

Mgeni atokaye pwani hufika Kigali akiwa na shati jepesi, kwa kuwa ramani imemwonyesha kwamba jiji hilo lipo nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta. Alfajiri ya kwanza humfundisha. Akisimama katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo kabla ya jua kuchomoza, huona ukungu umelala bondeni, na madereva wa pikipiki wamevaa makoti mazito na glavu, wakisugua viganja huku wakingoja abiria.

Sababu ni kimo. Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt na kuwa makao makuu ya Rwanda huru mwaka 1962, imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka Mlima Kigali na Mlima Jali ikatuama mabondeni. Hivyo mtu wa bondeni huweza kutetemeka wakati jua limekwisha kumfikia jirani yake aliye kilimani.

Dereva mzoefu hufunga koti mpaka shingoni ndipo avae glavu. Utaratibu huo una maana yake. Mwili unapopatwa na baridi hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mishipa ya damu ya mikononi hujibana, damu yenye joto hubaki kifuani, na vidole huwa kama askari wa lindo la mbali waliokatiwa chakula. Kwa hiyo anayetaka mikono yenye joto na aanze na kifua, shingo na kichwa.

Elimu hiyo hutumika pia mahali ambapo kosa dogo huua, nako ni chini ya maji. Polisi ya Rwanda ina kikosi cha majini, na miongoni mwa kazi zake ni kuokoa watu na kuwatafuta waliozama katika maziwa na mito. Magharibi ya nchi kuna Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Maji yake ya juu huwa na nyuzi zipatazo 23 au 24 za sentigredi. Anayeoga kwa dakika chache huyasifu. Anayekaa humo kwa muda mrefu ana habari nyingine, kwa maana maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Joto la mwili huibwa kidogo kidogo, bila kelele.

Mzamiaji hutegemea vidole kwa kila jambo. Kwa vidole hufungua vali ya mtungi wa hewa, huifuata kamba gizani, hufungua fundo na kuondoa hewa katika fulana ya kuelea. Kidole kilichokufa ganzi hakitofautishi kamba na jani la majini. Hapo anayekwenda kumtafuta mwenziwe huweza kuwa wa pili kutafutwa.

Wahenga walisema akiba haiozi, na joto nalo ni akiba. Mzamiaji hula vizuri kabla ya kazi, hujikinga na upepo, na huingia majini mwili ukiwa na joto. Glavu zake ni za mpira wenye vipovu vya hewa. Ziwe za kumtosha, kwa kuwa zikimbana huzuia damu, na zikipwaya maji huingia na kutoka yakichukua joto. Akumbuke pia kwamba kadiri anavyozama, mpira huo hukandamizwa na kuwa mwembamba, na kinga hupungua. Kipimo chake ni rahisi: aguse kidole cha mwisho kwa dole gumba la mkono huo huo. Akishindwa, wakati wa kutoka umekwisha kupita. Pombe si dawa, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kulimwaga joto lililobaki.

Wala hatari haiishi ufukoni. Barabara ya kutoka Rubavu kwenda Kigali hupitia Musanze, kwenye mita 1,850 hivi, juu zaidi ya ziwa. Huko hewa ni nyepesi, na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati wa kuzama huweza kutoa vipovu kwenye viungo na mishipa. Majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya baharini hayatoshi katika nchi ya vilima. Yapo yaliyopangwa kwa maziwa ya juu. Mwenye haraka ya kufika nyumbani hana budi kupumzika kwanza kwa saa zilizowekwa.

Akifika nyumbani Kigali jioni, baridi imeanza tena kushuka mabondeni. Aliye nyumbani asimsogeze kwenye moto wa mkaa, kwa kuwa ngozi yenye ganzi huungua bila kuhisi. Ampe nguo kavu, amfunike kifua, na mikono aiweke kwapani au katika maji ya vuguvugu. Kisha ampe chai ya maziwa yenye tangawizi, kama inywewavyo Nyamirambo. Vidole vikirudi kuhisi joto la kikombe, safari imekwisha salama.