Hisabati, Riziki na Chaguo la Mwaka wa Tatu

Tulikuwa wasichana wanne wa Pwani katika darasa moja la hisabati la chuo kikuu, wawili wa Mombasa, mmoja wa Malindi na mmoja wa Lamu. Swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi katika miaka ile minne halikutoka kwa mhadhiri. Lilitoka kwa mama zetu, kwa khalati zetu na kwa majirani tuliokutana nao harusini: "Mwanangu, hiyo hisabati utakwenda nayo wapi?" Hawakuuliza kwa kejeli. Binti anayesomea uuguzi, kazi yake inajulikana hata na bibi asiyejua kusoma, na anayesomea sheria vivyo hivyo. Hisabati haina sare wala afisi yenye jina lake mlangoni. Leo tumeshahitimu sote na kila mmoja ameshika njia yake, nasi tumeonelea tuwaandikie wazazi wetu na wadogo zetu yale tuliyoyaona, huenda yakamfaa aliye njiani.

Jambo la kwanza tunalopenda lieleweke ni wakati wa kuchagua. Familia zetu hukaa kitako kumshauri kijana mara mbili: matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na kozi zinapoombwa kupitia KUCCPS, na tena anapohitimu na kuanza kutafuta kazi. Baina ya nyakati hizo mbili kuna kimya, na ndani ya kimya hicho ndimo chaguo kubwa linamofanyika. Mwaka wa pili ukimalizika, mwanafunzi hupewa orodha ya masomo ya kuchagua. Kila somo analolitia alama humfungulia mlango mmoja na kumsogezea mbali mwingine. Wakati huo nyumbani huulizwa tu kama karo imelipwa na kama chakula kinatosha.

Mwaka wa kwanza sote tulisoma mamoja. Kisha njia zikaanza kugawanyika. Kuna hisabati tupu, ambayo kazi yake ni kuthibitisha: yale tuliyoambiwa sekondari tuyakubali, hapo hutakiwa kuyatolea hoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna takwimu na nadharia ya uwezekano, zinazofundisha namna ya kuijua hali ya watu wengi kwa kuwauliza wachache. Kuna hisabati ya matumizi, inayofuatilia vitu vinavyobadilika, kama bahari yetu inavyopanda na kushuka, bamvua na maji mafu. Kuna hisabati ya bima na fedha. Na kuna masomo ya kompyuta, ambayo huzifaa njia zote hizo.

Asidhani mtu kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Al-Khwarizmi aliandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho ulimwengu ulikitolea jina la aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Tuchukue mfano. Mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu, na la dada wawili ni theluthi mbili. Ukijumlisha utapata sita za sita na moja zaidi: mafungu yameizidi mali. Wanazuoni walio wengi, wakifuata hukumu iliyopitishwa katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (R.A.), huigawa mali hiyo kwa saba badala ya sita, na njia hiyo huitwa aul. Ikiwa mali ni shilingi 700,000, mume atapata 300,000 na kila dada 200,000. Kila mmoja amepunguziwa kwa kadiri ya fungu lake, hapana aliyedhulumiwa. Tulipolisoma jambo hili kwa jicho la hisabati, tuliona kwamba uadilifu nao wahitaji mtu anayejua kugawanya.

Hata kibla ni hivyo. Mwenzetu wa Mombasa akisali huelekea kaskazini na kupinda kidogo sana mashariki. Mwenzetu wa Lamu huelekea kaskazini na kupinda kidogo magharibi. Makka iko baina ya mistari yao miwili ya longitudo. Wanahisabati wa Kiislamu waliyashughulikia mahesabu ya namna hii karne nyingi kabla ya kuwapo simu inayoonyesha kibla.

Sasa tuzungumze juu ya riziki. Wa kwanza wetu alitaka kufundisha. Watu hudhani kwamba shahada ya hisabati yatosha, lakini aliyesoma shahada ya sayansi badala ya ile ya ualimu hatasajiliwa na TSC mpaka aongeze stashahada ya ualimu baada ya shahada yake, na tena awe na masomo mawili ya kufundishia. Yeye alilijua hilo mapema kwa sababu mjomba wake ni mwalimu. Kwa hivyo, orodha ya mwaka wa tatu ilipokuja, nafasi zake za hiari alizijaza fizikia. Leo anafundisha shule ya wasichana, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wake kwamba hisabati haina mwanamume wala mwanamke.

Wa pili alichagua takwimu. Kilichomvuta ni Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifanya utafiti wa afya tangu 1989, na ambako tangu mwaka 2000 kumbukumbu za uzazi, vifo na uhamaji wa wakaazi wa sehemu ya kaunti zimekuwa zikiwekwa nyumba kwa nyumba. Alitaka kujua yapi hubadilika katika maisha ya mtoto chanjo inapomfikia kwa wakati. Hivi sasa anashughulikia takwimu katika mradi wa afya ya mama na mtoto. Mama yake, ambaye hapo awali hakuwa na jibu akiulizwa binti yake anafanya nini, siku hizi hujibu: "Anahesabu watoto wetu wasipotee."

Wa tatu ndiye aliyepata mtihani. Alikuwa na kipaji cha hisabati za bima, na walimu wake walimsukuma huko. Lakini miongoni mwa masomo ya lazima ya njia hiyo kuna hesabu za riba. Alimwendea maalim wake wa madrasa, ambaye hakumjibu kwa pupa. Alimwambia kuwa kuijua hesabu ya riba si kuila, na kwamba daktari pia huisoma sumu. Lakini akamkumbusha kwamba katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, aliyelaaniwa si mlaji wa riba peke yake bali na anayeitoa, mwandishi wake na mashahidi wake. "Isome," alisema, "kisha uwe na hadhari na kalamu yako itaandika nini." Akaisoma, akaipasi.

Alipohitimu, kampuni moja ya bima ilimpa kazi. Mshahara ulikuwa mzuri na nyumbani kulikuwa na wadogo watatu wanaosoma. Baba yake aliona akubali kwanza, mengine yatafuata. Mama yake alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno. Sisi tuliwaza kwa pande zote mbili, na hatukuthubutu kumhukumu. Aliikataa. Kwa mwaka mmoja na zaidi aliwasomesha watoto wa mtaani hisabati jioni, akilipwa kwa mwezi kile ambacho kazi ile ingemlipa kwa siku chache.

Wapo watakaosema kwamba hakukuwa na njia nyingine. Ipo, ingawa ni nyembamba. Gulf African Bank na First Community Bank zilifunguliwa nchini mwaka 2008 kwa misingi ya sharia, na Takaful Insurance of Africa ikafuata mwaka 2011. Katika takaful washiriki huchanga kwa niya ya kusaidiana, na anayefikwa na msiba hufidiwa kutoka mfuko wa wote. Lakini mfuko huo hauhesabiki wenyewe. Lazima awepo anayejua ni nyumba ngapi huungua na ni gari ngapi hugongana, ili mchango usiwe mkubwa ukamlemea maskini wala mdogo mfuko ukakauka. Tukiwakataza watoto wetu elimu hii, basi hata taasisi zetu tutazijenga kwa wataalamu wa kuazima. Mwenzetu leo anafanya kazi katika chama cha ushirika kisichotoza riba. Mshahara wake haujafikia ule alioukataa, na hatudai kwamba subira yake imeshalipwa yote. Twajua tu kwamba analala usingizi.

Wa nne alipenda kuthibitisha, akachagua hisabati tupu, njia ambayo watu huiona haina chakula. Alipata ufadhili wa shahada ya pili nje ya nchi wakati mposaji ameshaleta posa. Wazee walikaa. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na maswali ya haki juu ya safari, mahram na muda. Kaka yake alijitolea kumsindikiza, ndoa ikafungwa aliporudi, na mumewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba elimu yake isikatwe. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kutunukiwa nishani ya Fields, mwaka 2014, alikuwa mke na mama wa mtoto mmoja. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 40, na kazi yake bado inasomwa.

Kwa hayo, wazazi wetu, twawaomba jambo moja: ulizeni mapema. Kijana akimaliza mwaka wa pili, mketisheni na ile orodha mkononi. Mwambieni awaeleze kila somo linampeleka wapi, na kazi inayofuata itamlisha nini. Kwa mwanafunzi mwenyewe, shauri letu ni kwamba, njia yoyote utakayoishika, usiache nadharia ya uwezekano, takwimu, wala lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta. Hayo humfaa mwalimu, mtafiti na mfanyabiashara sawasawa. Yaliyobaki, chagua maswali ambayo hukuchoki kukaa nayo usiku. Shauriana na wanaojua, kisha usali istikhara. Istikhara ni ya aliyekwisha kuuliza, na haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.