Walinzi Wanaobomoa Nyumba

Mzee akianza kusahau, kwetu pwani watu huuliza kwanza ni nani aliyemroga. Asiyetafuta mchawi husema huo ni uzee tu, kisha hunyamaza. Majibu yote mawili yamenichosha. La kwanza huvunja ukoo, la pili hufunga mlango wa kuuliza.

Bibi Auguste Deter hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 51 alipolazwa hospitali mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, na hata kuliandika jina lake kulimshinda. Alipofariki mwaka 1906, Daktari Alois Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini. Akakuta mabonge madogo ya uchafu nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Leo twajua kuwa mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi-beta, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau.

Protini, ndugu msomaji, huundwa kama uzi mrefu, kisha hujikunja katika umbo lake maalumu. Bila umbo hilo haifanyi kazi. Ikikosea mikunjo hunatana na wenzake, na lililo baya zaidi, huzivuta zilizo nzima zikunjike vibaya kama yenyewe.

Ubongo, hata hivyo, haukuachwa bila walinzi. Zipo seli ndogo ziitwazo mikroglia, alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Kazi yao ni kuzoa takataka na seli zilizokufa, na wakiyaona mabonge huyazingira. Hapa ndipo paliponinyima usingizi: wakishindwa kuyamaliza, walinzi hawa hubaki katika vita visivyokwisha, wakimwaga kemikali zao, hata wakala maungio ya seli zilizo nzima. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, husaidia kuyaondoa mabonge. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo, haiuponyi, na huweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Niliyasoma haya wakati mama yangu mkubwa alipokuwa akimwita mwanawe kwa jina la kaka yake marehemu, na mke mwenziwe akatajwa katika kikao cha ukoo kuwa ndiye aliyemfanyia. Nikaomba ruhusa kwa wakubwa, nikawaeleza habari za mabonge na walinzi. Ami yangu mmoja akacheka.

"Kwa hiyo mchawi yumo kichwani mwake mwenyewe?"

"Hakuna mchawi, ami. Ni kazi ya usafi iliyoharibika."

Hawakusadiki wote. Lakini usiku ule hakufukuzwa mtu, na mpaka mama mkubwa alipofariki, aliyemkogesha kila asubuhi na kumnywesha uji alikuwa mke mwenziwe yuleyule.