Nani Atabaki Naye?

Mama msomaji, mwezi uliopita muuguzi mmoja wa kliniki ya magonjwa ya akili alitukuta hapa Tabora, chini ya miembe, tukitoka sokoni. Akatueleza kwamba wataalamu wa magonjwa ya akili, yaani madaktari, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, wanajiandaa kwa mkutano wao wa kitaaluma, naye atahudhuria. Kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Ninyi mliouguza nyumbani, mngependa nikawaambie nini wenzangu?"

Sisi ni dada wawili na mama yetu mzazi. Tulicheka kidogo, maana tumezoea kuambiwa, si kuulizwa. Lakini usiku ule hatukulala mapema.

Mdogo wetu, kitinda mimba, alijifungua mtoto wake wa pili mwaka 2016. Uzazi ulikuwa mwepesi, mtoto mzima, nyumba nzima tukamshukuru Mungu. Siku ya tano akaacha kulala. Tukadhani ni furaha, au mtoto anamsumbua. Saa nane ya usiku tukamkuta anafagia uwanja huku akiimba. Siku ya saba akasema mtoto si wake, amebadilishwa, na kwamba anasikia sauti za watu darini wakimwamuru amrudishe kwa mwenyewe. Hapo mama akamchukua mjukuu, akamfunga mgongoni, wala hakumshusha mpaka kulipokucha.

Hatutaki kujisafisha. Majirani tuliwaambia ana malaria. Zahanati tuliyoikimbilia kwanza nayo ikatupa dawa za malaria. Huyu akasema amerogwa, yule akasema ni mapepo. Tulimwombea, na maombi yale hatuyajutii hata kidogo. Tunachojutia ni kuyafanya kisingizio cha kutompeleka hospitali. Kwa wiki tatu alikaa katika chumba cha stoo, kati ya magunia ya mahindi na madumu ya asali ya shemeji, mlango umefungwa kwa nje. Chakula tulimpitishia dirishani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na kilio chake, kilichosikika mpaka barabarani.

Baadaye tulikuja kujua kwamba ugonjwa ule unafahamika sana, na wataalamu huuita saikosisi ya baada ya kujifungua. Humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Si ule unyonge wa kulialia siku chache ambao wengi wetu tumeupitia. Wala si sonona, ambayo nayo inahitaji msaada wake; kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, akina mama wapatao 13 kati ya 100 baada ya kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa hiyo sonona. Huu wa mdogo wetu ni wa dharura, kama vile kutokwa na damu nyingi. Mzazi anayekesha hata mtoto akiwa amelala, anayesema bila kupumzika, anayewashuku watu wake au kusikia sauti, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Tena hutibika. Hilo la kutibika hatukuwa tumeambiwa na mtu.

Basi tukampandisha treni ya Dodoma, kwenda hospitali ya Mirembe, ambayo ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1927. Reli ile ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inakwenda sambamba na njia ya zamani ya misafara. Wageni wakija hapa hupelekwa Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Sisi tukiifikiria njia ile huwakumbuka zaidi wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe mpaka pwani, na wake zao waliofuatana nao wamebeba vyungu, wakipika kila kambi. Mpagazi aliyeugua njiani bila mtu wake aliweza kuachwa kijiji chochote. Mwenye mtu alikuwa na wa kumchotea maji.

Nasi tulimwacha. Tulifika Dodoma, tukamkabidhi, tukageuza na treni ya kurudi. Mama alikuwa na mtoto mchanga wa kulea kwa maziwa ya kopo, sisi tulikuwa na waume, watoto na biashara, sababu hazikukosekana. Baada ya wiki kadhaa alirudi ametulia, akimtambua mwanawe na kumlilia. Lakini ndani ya nyumba hakuna aliyejua zile dawa ni za nini wala ni za muda gani. Zilimkausha mdomo, zikamnenepesha, mchana akawa anasinzia na sufuria jikoni. Jirani akasema, "Mnamwua mtoto wa watu kwa vidonge." Tukaona kweli, tukamwachisha. Haikupita miezi minne, akaanza tena kukesha.

Safari ya pili dada mkubwa alibaki Dodoma kwa jamaa zetu karibu mwezi mzima. Alikuwa akimpelekea uji, akimfulia nguo na kumsuka nywele. Kwa kuwa alikuwepo, wauguzi walizungumza naye. Akafundishwa kuwa dawa haziachwi bila daktari, kwamba zikimsumbua zipo nyingine za kubadilisha, na kwamba dalili ya kwanza ya kuangalia ni usingizi. Mambo matatu tu. Tungeyajua mara ya kwanza, mtoto angemjua mama yake mapema zaidi.

Tulipomsimulia muuguzi haya, alituambia habari ya daktari mmoja wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954, huko Aro karibu na mji wa Abeokuta, Lambo alianza kuwapangishia wagonjwa wake vyumba vijijini, jirani na hospitali. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na ndugu yake, mama au dada, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza kwenye matibabu. Mwaka 1961 aliwaita Abeokuta wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka nchi mbalimbali za Afrika, mkutano wa kwanza wa aina yake barani, wakajionea wenyewe. Hata hapa kwetu, baada ya Uhuru, vilianzishwa vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kuishi kama watu wengine. Kwa hiyo wataalamu walikwisha kulijua jambo hili kabla sisi hatujazaliwa! Tulishangaa, na kwa kweli tuliona uchungu kidogo.

Jibu letu kwa muuguzi likawa hilo. Akawaambie wenzake kwamba mgonjwa anapoletwa, aliyemleta naye aketishwe, hata kwa robo saa, aelezwe kwa Kiswahili chepesi, kisha arudie kwa mdomo wake mwenyewe alichosikia. Na kliniki ya wajawazito imwulize kila mama: uliwahi kuugua hivi? Nani nyumbani kwako anajua?

Tunalisisitiza hili la mwisho kwa sababu mdogo wetu ni mjamzito. Aliyeugua hivyo mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena akijifungua, na mama yetu hakutaka kabisa kusikia habari ya mtoto wa tatu. Lakini yeye na mumewe walikwenda kwa daktari kwanza, wakapangiwa dawa, wakaamua. Atajifungua mwezi ule ule wa mkutano.

Ukurasa huu tulimsomea kabla ya kuutuma. Alisikiliza akichambua mchicha. Alitutaka tufute jambo moja, tumelifuta. Akatutaka tuongeze jingine: kwamba kule stoo alikuwa akisikia yote tuliyokuwa tukiyasema upande wa pili wa mlango, hata yale ya kumtafutia mumewe mke mwingine.

Tulikaa kimya mpaka mchicha ukaisha.

Zamu tumekwisha kuzipanga. Usiku wa kwanza mpaka wa saba ni wa dada mkubwa, ambaye kitanda chake kiko tayari chumbani kwa mdogo wetu. Shemeji atachukua wiki ya pili, ameomba mwenyewe. Mama atampokea mtoto kila baada ya kunyonya usiku ili mzazi alale. Namba ya simu ya muuguzi imebandikwa ukutani, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo kila anayekunywa ataiona.